Lindi au Mtwara: wapi ujinoe kwa triathloni ndefu ya kisiwa chenye joto na vilima

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma mkiwa ndani ya daladala. Kama umejiandikisha triathloni ndefu kwenye kisiwa cha joto chenye vilima, tuseme Langkawi kule Malaysia, na una uhuru wa kuchagua ukae wapi miezi ya maandalizi, kaa Lindi. Mtwara iendee kwa ajili ya bahari. Kama bado hujaweza kuogelea kilomita moja bila kusimama, geuza: anza Mtwara, vilima vya Lindi havina pa kwenda. Na Newala, ambako kila mtu humtuma mwenzake akisikia neno "milima", nitaitaja kisha nitaiweka kando.

Mbio zenyewe, zinazojulikana kama Ironman, ni hizi: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2, mfululizo, kwa kawaida ndani ya saa 17. Langkawi iko karibu nyuzi 6 kaskazini mwa ikweta. Mbio hizo zilianza pale mwaka 2000, zikasimama kwa muda, zikarudi 2014, na kwa miaka mingi zimekuwa zikiangukia Oktoba au Novemba. Maji yake ni ya uvuguvugu kiasi kwamba suti ya mpira ya kuogelea haina kazi, unaingia na nguo ya kawaida ya mbio. Kwa sisi wa pwani hiyo ni nafuu, kwa sababu hatuna desturi ya suti hizo na hatuna sababu ya kuzinunua.

Piga hesabu ya saa. Mnaingia majini asubuhi jua likipanda. Mtu wa kawaida anatoka majini saa tatu au tatu na nusu, anapanda baiskeli, na mchana wote wa jua kali uko juu ya tandiko. Unaanza kukimbia saa tisa au saa kumi alasiri, mwili umeshaokwa, na bado una marathoni. Ndiyo maana ninapolinganisha Lindi na Mtwara siulizi wapi pana mandhari nzuri. Nauliza ni wapi patakupa kilima na joto kwa wakati mmoja.

Joto: hapa wote ni wenyeji, na hapo ndipo tunapojidanganya

Watu wa huku tuna majivuno yetu. "Joto la nini, mimi mtoto wa Mikindani." Sawa, umezaliwa kwenye joto, lakini unafanya mazoezi saa ngapi? Karibu kila mkimbiaji ninayemjua, Mtwara na Lindi, anatoka saa kumi na moja alfajiri na saa moja na nusu ameshaoga. Au anatoka saa kumi na mbili jioni jua likizama. Saa saba mchana yuko chini ya mwembe au ofisini penye feni. Mwili wake unajua kukaa kwenye joto. Kufanya kazi nzito kwenye joto ni jambo jingine.

Mwili hujifunza hilo kwa siku 10 hadi 14 za kuusumbua mfululizo, au karibu mfululizo. Maji ya damu yanaongezeka, hivyo moyo haulazimiki kupiga kwa kasi ileile kwa mwendo uleule. Jasho linaanza kutoka mapema na kwa wingi, na chumvi inayopotea nalo inapungua. Ukiacha, faida hiyo inayeyuka ndani ya wiki chache, kwa hiyo haina maana kujitesa mwezi wa tano kwa mbio za mwezi wa kumi na moja.

Msimu nao una hila yake. Mbio za Oktoba au Novemba zinakufanya ufanye mazoezi mazito Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ambapo pwani yetu ina upepo, hewa kavu kidogo na asubuhi za kuvuta shuka. Ukijinoa msimu huo peke yake utafika kisiwani ukiwa na miguu mizuri na mwili usiojua jasho. Lakini mambo yanatukalia vizuri mwishoni: sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua linapita juu ya utosi wetu katika wiki ya tatu ya Oktoba. Saa sita mchana kivuli chako unakikanyaga. Hizo ndizo wiki za kutoka nje mchana.

Namna ninayoikubali ni hii. Wiki tatu hivi kabla ya safari, toka kati ya saa sita na saa tisa, dakika 60 hadi 90, mwendo wa polepole unaokuwezesha kuongea. Usitoke peke yako. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi kusisimka kama una baridi, acha hapohapo. Mwenzako akianza kujibu maneno yasiyoeleweka, mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mtafute usafiri wa hospitali wakati mnaendelea kummwagia. Hapo hakuna ushujaa.

Kwa joto tupu, basi, miji hii miwili haipishani. Yote iko usawa wa bahari, na unyevu wa hewa ni uleule. Tofauti inaletwa na vilima, na sababu yake ni upepo. Kwenye tambarare unakwenda kilomita 30 kwa saa, na mwendo wako mwenyewe unakutengenezea upepo wa kukausha jasho. Ukipanda mlima unashuka hadi kilomita 9 au 10 kwa saa, unazalisha joto jingi mwilini kuliko wakati wowote, na upepo umekatika. Jasho halikauki, linadondoka tu. Jasho linalodondoka halikupozi. Ndiyo maana mtu aliyejifua saa nyingi kwenye lami iliyonyooka, hata ya Mtwara yenye joto, anashangaa kisiwani anapovunjika kwenye mlima mfupi.

Newala ndipo inapopoteza. Iko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, hewa yake inaburudisha, na ukisimama Shimo la Mungu ukatazama bonde la Ruvuma unaelewa kwa nini watu wanaipenda. Miguu utaipata kule. Joto la pwani huwezi kulipata, bahari huna, na maji ya kunywa juu ya uwanda yana historia ndefu ya shida, kwa hiyo utabeba chupa nyingi. Iwe safari ya kubadilisha hewa, wikiendi moja moja.

Vilima

Lindi imejibanza kati ya ghuba na vilima. Ukitoka barabara ya ufukweni ukageukia bara, kabla mwili haujapata moto umeshaanza kupanda. Hiyo ni bahati kubwa kwa mtu wa mazoezi: huhitaji kusafiri nusu saa kutafuta mlima, na ukichoka, nyumbani ni kushuka tu. Ukielekea kaskazini kwenye barabara kuu ya Dar, kupita mashamba ya mkonge ya Kikwetu hadi upande wa Mchinga, barabara inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na hakuna kilima kirefu cha kukupa muda wa kutulia kwenye mwendo mmoja. Vilima vifupi vya kukera, kimoja baada ya kingine, ndivyo vinavyokungoja Langkawi.

Mazoezi ya mlima Lindi yanakuwa hivi. Saa nane mchana, gia ya chini kabisa, mikono juu ya usukani. Jasho linatiririka kwenye pua na kutua kwenye bomba la baiskeli, tone, tone, na kamba za helmeti zimeota mstari mweupe wa chumvi ya raundi iliyopita. Bodaboda anapunguza mwendo kando yako.

"Kaka, vipi, imeharibika? Weka hapa nyuma, buku tu mpaka juu."

"Asante kaka, nafanya mazoezi."

"Saa hizi? Haya. Mungu akutangulie."

Raundi ya tatu anakukuta palepale na haulizi tena, anapiga honi tu. Raundi hizo zipande ukiwa umekaa, pumzi ikiwa chini ya amri yako. Anayepanda kwa hasira anafika juu wa kwanza, na saa tatu baadaye unampita amekaa kwenye kalvati.

Mtwara ni nyingine. Mji wenyewe ni tambarare kama mkeka. Mlima wa karibu ni Mikindani, kilomita kumi hivi, ambako barabara inateremka hadi ukingoni mwa ghuba, inapita chini ya nyumba za zamani za mawe, kisha inapanda upande wa pili. Ni mlima mfupi na mtamu, unafaa kwa kurudia mara nyingi. Ila kuna watoto wa shule, bajaji na mbuzi, kwa hiyo kuteremka kwa kasi pale kuna siku kutakugharimu. Njia ya pili ni ya Newala kupitia Naliendele, ambako lami imefika hadi Mnivata, kilomita 50 kutoka mjini. Hii inapanda taratibu sana, karibu usijue, na ni nzuri kwa kuufundisha mgongo kulala juu ya mikono ya mbele, ile ya kulalia inayofungwa kwenye usukani, kwa saa mbili bila kulalamika. Mlima wa kweli haiwezi kukupa.

Kwa vilima Lindi inashinda, na inashinda kwa mbali.

Safari ndefu ya baiskeli

Barabara inayounganisha miji hii, kilomita 105 hivi, ndiyo uwanja wetu wa mtihani kwa pande zote mbili. Ukitoka Mtwara hadi Mnazi Mmoja pale Mingoyo, njia panda ya Masasi, kisha ukageuza, umepiga zaidi ya kilomita 160. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini mashariki: kwenda unakusukuma, unajiona bingwa, kurudi unakudai chote ulichokopa. Anayekaa Lindi anaanza na deni na anamaliza na zawadi. Kwa maandalizi ya akili napendelea deni lije mwisho, kwa hiyo hapa Mtwara inapata pointi.

Tatizo ni malori. Kipande cha Mnazi Mmoja hadi Mtwara kinabeba malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, malori ya saruji kutoka kiwandani Msijute, na kuanzia Oktoba malori ya korosho. Dereva wa lori lililojaa hawezi kukukwepa ghafla hata akitaka. Toka Jumapili alfajiri, vaa rangi inayowaka, weka taa ya nyuma hata mchana, na ukisikia lori nyuma na kuona basi mbele, shuka kwenye mchanga bila kubishana. Kutoka Lindi kwenda Mchinga malori ni machache, lakini yapo mabasi ya Dar asubuhi, nayo yana haraka zake. Matuta na rasta, vile vijituta vya mfululizo, kabla ya kila kijiji utavikuta njia zote mbili; rasta zinang'oa chupa kwenye vishikio, kwa hiyo funga mpira wa kukazia.

Kuna njia ya tatu wachache wanaikumbuka: Mnazi Mmoja kwenda Mtama, Nyangao mpaka Ndanda, bondeni kati ya uwanda wa Rondo na uwanda wa Makonde. Upepo wa bahari haufiki vizuri, joto linatulia bondeni, na ukifika Ndanda kuna chakula na maji. Kutoka Lindi njia hiyo iko karibu zaidi.

Kuhusu baiskeli yenyewe, nitapita haraka. Watu wanauliza kama wanunue baiskeli maalumu ya kulalia au baiskeli ya rodi ya kawaida. Kwa kisiwa chenye vilima, na kwa barabara zetu zenye rasta na upepo wa ubavu, chukua ya rodi, ongeza mikono ya mbele ya kulalia. Sahani ndogo ya mbele iwe ya meno 34, gia kubwa ya nyuma isiwe chini ya meno 32. Tairi za milimita 28. Mafundi wa Mtwara na Lindi ni hodari wa Phoenix na wataziba pancha yoyote, lakini tyubu za valvu nyembamba hutazikuta dukani, kwa hiyo agiza Dar za kutosha, pamoja na cheni moja ya akiba. Chumvi ya pwani inakula cheni. Osha baiskeli kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi.

Bahari

Hapa Mtwara inalipiza kisasi. Ukiwa Shangani una ufukwe, maji safi na nafasi ya kuogelea sambamba na pwani bila kwenda mbali. Kupwa na kujaa kwetu ni kukubwa, kwa hiyo ratiba yako ya kuogelea inapangwa na mwezi kuliko na saa ya mkononi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri ya saa kumi hivi, na kufikia saa nne asubuhi yamekwenda zake, umebaki na matope, mawe na akina mama wanaotafuta pweza. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa. Kila siku muda unasogea mbele karibu dakika 50. Wavuvi hawahitaji jedwali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda mpaka wapi leo?"

"Mpaka ile mashua nyeupe, halafu nirudi."

"Nenda sasa hivi. Ukichelewa utarudi kwa miguu."

Na kweli, ukichelewa unarudi ukitembea, maji magotini, miwani ya kuogelea shingoni, unatafuta pa kukanyaga.

Usiogelee kwenye mkondo wa kuingilia bandarini wala kwenye njia ya kivuko cha Msangamkuu. Mkondo pale una nguvu maji yakitoka, na meli haina breki. Kusi akichafua bahari, nenda ghuba ya Mikindani, iliyozibwa vizuri na nchi kavu. Maji yake yana joto zaidi, jambo ambalo kwako ni mazoezi ya bure, ila uwahi kabla hayajakupwa. Popote uendapo, jifunge kamba kiunoni na dumu tupu la lita tano, la njano, likuelee nyuma. Ni la kushikilia ukichoka, na nahodha wa boti anakuona. Yavuyavu wapo misimu fulani. Vaa fulana nyembamba ya mikono mirefu.

Jifunze pia kunyanyua macho kidogo kila baada ya mikono sita au minane ili kuona unakokwenda. Kwenye bwawa hujifunzi hilo, na mabwawa ya hoteli za huku ni mafupi mno. Unageuka kabla hujaanza.

Lindi nayo ina bahari, bila shaka, lakini ghuba yake inapokea mto Lukuledi. Msimu wa mvua maji ni ya tope, na maji yakianza kutoka yanavuta kuelekea nje. Kuna kivuko na boti za kwenda Kitunda zinazokatiza. Unaweza kuogelea vizuri maji yakiwa yamejaa na kusimama, karibu na ufukwe, mvuvi mmoja akiwa na mtumbwi kando yako kwa makubaliano ya bei. Kilomita mbili zinatosha. Siku ya kilomita tatu na nusu au nne, panda gari asubuhi uende Mtwara.

Nimesikia hoja kwamba kuogelea ndiko kunakoua watu, kwa hiyo bahari itangulie kwenye uchaguzi. Ni hoja ya kweli kwa asiyejua kuogelea, na ndiyo maana nimemwambia aanzie Mtwara. Kwa anayejua, kati ya kilomita 226 za siku ile, 180 ni za baiskeli. Dakika tano utakazookoa majini kwa miezi ya mazoezi unazipoteza kwenye mlima mmoja uliokushinda.

Chupani unaweka nini

Sehemu hii haijali unakaa wapi, ila ina uchaguzi wake, na watu wengi huanguka hapa kuliko kwenye miguu.

Kwanza jua unatoka jasho kiasi gani. Jipime uzito ukiwa umevaa kidogo, fanya mazoezi saa moja kwenye joto, jifute, jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Ongeza na ulichokunywa. Tumia mizani ya zahanati au ya nyumbani. Jamaa mmoja alijipima kwenye mizani ya korosho ya chama cha msingi, akatangaza kwamba hatoki jasho kabisa. Mizani ile imezoea magunia.

Ukishajua kiasi, chagua kinywaji. Madafu yapo kila kona na ni matamu, yana potasiamu nyingi, lakini jasho letu linapoteza zaidi sodiamu, ambayo kwenye dafu ni kidogo. Ni kizuri baada ya mazoezi, kwenye mbio hakitoshi. Pakiti ya dawa ya chumvi na sukari kutoka duka la dawa, ile ya kuchanganya na lita moja ya maji, ina sodiamu ya kutosha kabisa, karibu miligramu 1,700 kwa lita, ila sukari yake ni gramu 13.5 tu, kwa mtu anayehitaji gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, hiyo ni njaa. Soda ina sukari nyingi na karibu hakuna chumvi, na gesi yake inakusumbua mlimani.

Ninachopenda ni mchanganyiko wa nyumbani: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na ndimu. Sukari hiyo ni kama gramu 25, kwa hiyo nguvu nyingine ipate kwenye chakula: ndizi mbivu, tende, kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi, kipande cha chapati. Korosho ziache za jioni. Mafuta yake yanakaa tumboni, na hapo juani utajuta. Ming'oko nayo, mizizi yetu ya porini, pamoja na mapenzi yote tuliyo nayo, ni chakula cha kukaa chini.

Usinywe kupita kiasi cha jasho lako. Anayekunywa maji matupu kila dakika kwa saa kumi anaweza kuipunguza chumvi ya damu hadi hatari, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, zinafanana na za joto. Ukijipima baada ya safari ndefu ukakuta umeongezeka uzito, punguza.

Barafu ni rafiki. Mtwara inapatikana kirahisi zaidi, sokoni na wanakouza samaki. Ile ya mifuko ya nailoni, ivunje, itie ndani ya kofia na kwenye kitambaa cha shingoni. Kwenye mbio watakupa barafu vituoni, kwa hiyo zoea kukimbia nayo ikikuyeyukia mgongoni na kulowanisha viatu. Mafuta ya mgando paka kila panapogusana, mara mbili ya unavyodhani.

Mengineyo

Mtwara ina ndege ya Dar, hospitali kubwa ya Ligula na ile ya rufaa ya kanda Mitengo, vyumba vingi vya kupanga na samaki wa kila aina. Lindi ina hospitali ya Sokoine, maisha ya utulivu na kodi ya chumba isiyokutoa jasho. Ndege ya kwendea kisiwani utaipandia Dar kwa vyovyote, na sanduku la baiskeli kwenye buti la basi linakwenda salama zaidi ukilipia na kulisimamia mwenyewe likipakiwa.

Mavazi: kikaptula cha kubana ni cha baharini na barabarani. Ukishuka Mikindani au Lindi mjini kununua maji, jifunge kanga au kikoi kiunoni. Hakuna atakayekufukuza, lakini utasalimiwa tofauti. Ramadhani ikiangukia kipindi cha maandalizi na unafunga, sogeza mazoezi magumu baada ya futari, na yale ya joto la mchana yaache hadi baada ya Idi.

Limebaki swali la wale wanaolenga Kona, Hawaii, ambako mbio za Ironman zenyewe zilihamia mwaka 1981 kutoka kisiwa cha Oahu, hukohuko Hawaii. Kona ni joto, lakini vilima vyake ni virefu na vya taratibu, barabara inapita kwenye miamba myeusi ya volkano isiyo na kivuli, na upepo wa ubavu njia ya kwenda Hawi huwatupa watu wepesi. Kwa mbio za namna hiyo nageuza ushauri wangu wote wa baiskeli: kaa Mtwara, fanya barabara ya Mnivata kuwa yako wakati wa kusi, asubuhi upepo ukianza kuamka hadi saa nane mchana, mwili umelala juu ya mikono ya mbele na vidole karibu na breki. Lindi nenda mara moja kwa wiki mbili, upande vilima vyake, ule samaki, urudi Mtwara na deni la upepo.